Nani Ataitazama Picha Hii

Nyumba za Reli, Nakuru
Juni 14, 1953

Mpendwa Baba Nasimiyu,

Nakuandikia kwa mkono mmoja, ule mwingine ameukalia binti yako. Ukiona wino umetapakaa ujue ni yeye anakusalimu.

Ndani ya bahasha kuna kitu ambacho umekuwa ukiniomba tangu alipozaliwa. Kabla hujasoma zaidi kitoe, uende penye mwanga, umtazame. Nitangoja.

Umemwona? Sasa endelea kusoma.

Tulikwenda kwa Nathubhai, yule Mhindi wa duka la picha upande wa soko. Kabla hajagusa kamera yake aliniuliza, "Mama, hii picha nani taona?" Nikadhani ni maneno ya biashara tu. Akasema hapana, yeye humuuliza kila mtu. Picha ya mama mzazi si picha ya bwana, na picha ya bwana si picha ya serikali. Mama mzazi anataka kuona miguu, ajue mtoto wake ana viatu na miguu haijavimba. Serikali inataka masikio yote mawili na hakuna kucheka.

"Na bwana je?" nikamuuliza.

"Bwana iko mbali? Yeye nataka ona nani nabeba mtoto."

Nikamwambia ni ya baba yake. Yeye peke yake ataitazama. Basi akatupanga kama unavyotuona. Aliyekaa kitini ni Jerop, yule msichana wa Olenguruone anayenisaidia tangu nilipougua. Gauni la maua ni langu, nilimwazima. Kiti kimefunikwa shuka mpaka chini kwa sababu kimechakaa. Mtoto yuko kwake kwa kuwa kwangu huwa anarukaruka, na Nathubhai alitaka atulie. Mimi ndiye huyo niliyesimama. Nimekonda, usishtuke, ni ile homa, na sasa nakula.

Jambo moja tu. Usiitundike. Iweke ndani ya sanduku chini ya nguo zako, ikae huko. Nyinyi mnapika kwa kuni, na moshi huharibu picha, inageuka rangi ya chai.

Dada yako Milcah alikuja kutoka Njoro akaniambia namlea mtoto kama yai. Nikamwambia yai likianguka haliokoteki.

Mimi wako,
Nekoye

&nbsp;

Stesheni ya Longonot
Juni 21, 1953

Mama Nasimiyu wangu,

Kemboi, yule gadi wa treni, alinirushia bahasha kabla treni haijasimama sawasawa. Nikaifungua papo hapo kando ya reli, genge zima la wafanyakazi limeegemea sururu likinitazama. Sitakuambia nilifanya nini. Muulize Kemboi, atakuambia hata kama hujamuuliza.

Ana paji la uso la marehemu baba. Na yale macho! Anatazama mbele kama karani anayekungoja ueleze kwa nini umechelewa. Miezi sita, na likizo zote zimefungwa kwa ajili ya hali hii ya hatari, nilikuwa nimeanza kumwota bila uso. Sasa ana uso.

Nimekusikia juu ya moshi. Mimi si mtu wa kudharau mali. Taa ya signali ilivunjika wiki iliyopita, nikachukua kioo chake. Mzee Makokha, mpishi wetu, akanipa mbao za sanduku la majani ya chai. Nimetengeneza fremu, na nyuma nikapaka lami pembeni zote ili moshi usipate pa kupenya. Nimeitundika kwenye chumba cha kulia chakula, juu ya meza, mbali kabisa na jiko. Hiyo itakaa mpaka Nasimiyu aolewe. Kwenye sanduku ingeliwa na mende, na mimi ningemwona lini?

Watu wote hapa wanamjua sasa. Makokha anasema akizidisha chumvi mtoto anamkazia macho. Mmoja wetu aliyezoea kutukana wakati wa kula ameacha.

Hata nyapara wetu mpya, Ogola, yule aliyekuja kutoka shamba la mzungu kule Dundori, alisimama mbele ya picha mpaka uji wake ukapoa. Akaniuliza aliyekaa ni nani. Nikasema Jerop, wa Olenguruone. "Jerop," akasema, akaenda zake. Kesho yake akauliza tena, "Umesema anaitwa nani vile?" Nadhani hana mke. Nikamwambia kama ni kuposa aende na ng'ombe, asije na maswali. Genge lilicheka mpaka kazi ikasimama. Yeye hakucheka.

Kula. Nimeuona mkono wako kwenye picha, umekuwa kama kijiti.

Baba Nasimiyu

&nbsp;

Nakuru
Juni 23, 1953

Baba Nasimiyu,

Soma barua hii ukiwa peke yako.

Itoe picha ukutani. Itoe sasa, kabla hujamaliza kusoma. Sema kioo kimepasuka, sema lolote.

Moshi haukuwa moshi. Niliandika moshi kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuandika yale mengine, na wewe kwa upendo wako ukaenda ukaitafutia kioo. Siwezi hata kukukasirikia.

Huyo aliyekaa anaitwa Wangare. Ni Mkikuyu. Sikukudanganya kuhusu Olenguruone, kweli alikulia huko, na majirani wa Kikalenjini ndio waliompa jina la Jerop akiwa mdogo, kwa sababu walihamia hapo siku ya mvua. Halafu wakafukuzwa, yeye na watu wake wote. Akaja kuolewa kwenye shamba huko Dundori, akawa anakamua ng'ombe. Mwaka jana serikali ilipoamuru Wakikuyu wa mashambani wapigwe picha za vitambulisho, wale wa shamba lao walikataa. Walipakiwa kwenye lori. Mume wake alichukuliwa upande mwingine, mpaka leo hajui yuko wapi. Alikuwa na kichanga. Kilikufa kwa baridi njiani. Lori lilipofika Nakuru watu wakashushwa kuhesabiwa, yeye akaendelea kutembea.

Nilimkuta kwenye bomba la maji mwezi wa kwanza. Mimi na homa yangu, mtoto mgongoni analia kwa njaa. Nilikuandikia kwamba maziwa yangu yamekauka. Yeye gauni lake lilikuwa limelowa kifuani. Alimtazama mtoto, hakunitazama mimi. Sikumuuliza jina wala kabila. Nilimfungua mtoto mgongoni nikampa.

Nilikuambia Nasimiyu anakunywa maziwa ya kopo. Hakuyataka. Hayo mashavu unayoyaona kwenye picha ni ya Wangare.

Sasa usikie lililo baya zaidi. Yule mwanamke alikataa kupigwa picha na serikali, bunduki ziko hapo. Mimi nilipomwomba akae na mtoto kwa Nathubhai, aliniuliza lile lile la Mhindi: nani ataitazama? Nikamwambia baba yake, peke yake. Akakaa. Akarekebisha hata kitambaa cha kichwa.

Huyo Ogola anatoka Dundori. Itoe.

Nekoye

&nbsp;

Longonot
Juni 25, 1953

Mama Nasimiyu,

Umechelewa.

Barua yako ilinifikia mchana. Jana yake jioni, tumekaa mezani, Ogola aliweka kijiko chini akasema mbele ya watu wote, "Huyo si Jerop wa mtu. Huyo ni Wangare wa Dundori. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpokea maziwa asubuhi. Serikali ilimwomba picha moja akakataa, tazama sasa anavyojikalia kama mke wa chifu." Mimi nikasema watu hufanana. Akasema sawa, Jumamosi ya wiki ijayo inspekta wa polisi anapita hapa kukagua ulinzi wa reli, na yeye anayajua majina yote ya waliotoroka, basi atatuambia kama watu hufanana.

Kwa hiyo nifanyeje? Nikiitoa nimekiri. Nikiiacha ametazamwa. Kila nikiingia kula naikuta iko pale, na kioo nilichokitafuta mwenyewe kinang'aa.

Unajua wanavyowafanya wanaoficha watu. Kazi yangu itakwisha, hicho chumba ni cha reli, watakutoa siku hiyo hiyo, na mimi nitakuwa ndani. Mtoto ataenda wapi? Hukufikiria hilo? Mtoe mwanamke huyo leo. Sisemi kwa ubaya. Mpe chakula, mpe blanketi langu, lakini atoke.

Na kitu kingine nitakiandika kwa sababu kinaniuma. Miezi sita naandika "hakikisha mtoto anashiba", na wewe unanijibu "anashiba". Nilikuwa namshukuru Mungu, kumbe kuna mtu mwingine wa kushukuriwa chini ya dari yangu, na mimi simjui.

Khaemba

&nbsp;

Nakuru
Juni 28, 1953

Baba Nasimiyu,

Una haki ya kukasirika. Utakasirika baadaye, nami nitakaa chini nikusikilize mpaka uchoke. Leo wewe unisikilize.

Hukuniambia nimpeleke wapi. Mtu kama Wangare akitoka peke yake kwenye mlango huu mchana bila kitambulisho hafiki sokoni. Ukisema "atoke", unasema akamatwe, ila akamatwe mbali kidogo na kwetu. Siwezi kumfanyia hivyo mtu aliyemlisha mtoto wangu kwa mwili wake. Ningekuwa nimeweza, usingetaka kurudi kwa mwanamke kama huyo.

Nilikaa na barua yako magotini, mtoto ananitafuna kidole, nikawa namfikiria yule Mhindi. Nilipiga picha kwa ajili ya macho ya mtu mmoja, ikatazamwa na genge zima. Basi, nikasema, nipige nyingine kwa ajili ya macho ya wale wengine.

Nilimtumia Milcah ujumbe Njoro. Alikuja amenuna, nikamweleza yote. Unamjua dada yako. Akainuka, akasema, "Lete hilo gauni."

Jana tulikwenda kwa Nathubhai. Safari hii aliponiuliza nani ataona nikamwambia, "Askari." Alilifunga pazia la mlangoni. Akarudi akanitazama, akamtazama Milcah na gauni langu la maua na kitambaa cha kichwa kilichofungwa vile vile.

"Mimi nilipiga picha ya nani, ile siku?" akauliza.

"Ya huyu," nikasema.

"Ya huyu," akasema. "Mimi sikumbuki sura. Mimi nakumbuka kiti."

Akakiweka kiti pale pale, na nyuma pazia lile lile lililochorwa ngazi na maua, akatupia kiti shuka. Akaniambia askari hatafuti sura, anatafuta kama vitu vimebadilika, basi tusibadilishe kitu. Alinisimamisha mahali pangu, akanisogeza bega kwa kidole mpaka likakaa alipotaka. Milcah akasema, "Shingo yangu hii atairefusha nani?" Nathubhai akamwambia ainue kidevu na anyamaze, na Milcah akanyamaza, jambo ambalo sijapata kuliona.

Shida ilikuwa mtoto. Alipowekwa kwa shangazi yake alipiga kelele mpaka mtu akagonga dukani kuuliza kuna nini. Alijipinda, akamrarua Milcah kitambaa. Nathubhai akasema picha ya mtoto analia haifanani na picha ya mtoto ametulia hata kwa kipofu.

Hatimaye alitulia. Usiniulize nilimtulizaje.

Picha ndiyo hii. Kemboi ataikabidhi mkononi mwako, ameniapia. Ifungue fremu yako bila mtu kukuona, weka hii, funga kama ulivyofunga mwanzo. Ile ya kwanza ichome. Nathubhai alikivunja mbele yangu kile kioo cha kamera kinachotoa nakala za ile ya kwanza, nakala ni hiyo yako tu. Ichome, Baba Nasimiyu, usiibakize hata kipande.

Wangare ameondoka kwa hesabu zako. Usiulize zaidi.

Kuna jambo moja sina dawa yake. Wenzako walikula wakiitazama ile ya kwanza wiki nzima. Wanamjua mtoto, wanaijua sura ya aliyembeba. Hao watu umewaalika wewe. Mimi siwajui, siwezi kuwapanga kama Nathubhai alivyotupanga.

Nekoye

&nbsp;

(ndani ya bahasha ile ile)

Kaka Khaemba,

Gauni la mkeo linanibana kwapani, na nimelivaa tangu jana. Nitaendelea kulivaa mpaka mtu aje kuniangalia. Mume wangu huko Njoro atajipikia, atakoma.

Usidhani nimefanya haya kwa ajili yako. Yule msichana nilikuwa namsema, mkeo anajua. Nilisema anamaliza sukari, nilisema kwa nini anambeba mtoto wetu kama wake. Nilipoambiwa sababu nilikaa kwenye ndoo, maana ndiyo iliyokuwa karibu.

Wewe ulitaka watu waone mtoto wako ni mzuri. Wameona. Sasa wakiulizwa, simama hapo ulipoitundika uwatazame usoni, kila mmoja. Usitazame chini kama ulivyokuwa ukifanya mama akiuliza nani amekula nyama.

Dada yako,
Milcah

&nbsp;

Longonot
Julai 5, 1953

Mama Nasimiyu,

Barua hii nawe isome ukiwa peke yako.

Kemboi alinipa bahasha. Niliibadilisha Ijumaa mchana Ogola alipokwenda na toroli la reli upande wa Kijabe. Nilikuwa na kisu na kopo la lami, nimefungua fremu mezani, nikageuka, Mzee Makokha yuko mlangoni na sufuria. Sijui alikuwa ameona nini. Alikuja akaitazama ile mpya, akaitazama ile ya zamani, akarudi jikoni. Mimi nikapaka lami. Wakati wa chakula alipomwekea kila mtu alisema kwa sauti, "Huyu mtoto ameanza kutazama chini. Ameona sahani yangu haina nyama." Wenzangu wakainua macho, mmoja baada ya mwingine. Kisha wakarudi kwenye sahani zao. Nilikula lakini sijui nilikula nini.

Jana inspekta akaja. Mzungu kijana, amechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Ogola alikuwa amemngoja tangu alfajiri. Akamleta chumba cha kulia, akanyoosha kidole, "Ndiye huyu, bwana," halafu kidole kikabaki hewani. Akasogea. Akasema, "Hapana. Hapana, bwana, si hii. Wamebadilisha."

Inspekta akauliza, "Wamebadilisha nini? Ulinieleza gauni la maua, kiti kimefunikwa, mama amesimama kulia, mtoto. Si ndiyo hii?"

"Sura, bwana. Sura si ile. Na mtoto alikuwa anatazama mbele."

Inspekta akaniuliza ni nani. Nikasema dada yangu, Milcah, anaishi kwa mke wangu kwa sasa. Nilisimama chini ya picha kama alivyoniagiza, nikawatazama watu. Akamuuliza wa kwanza, je, picha hii ndiyo ilikuwa hapa siku zote? Akasema ndiyo. Wa pili, ndiyo hii hii. Yule aliyeacha kutukana akasema, "Bwana, nimeacha matusi kwa sababu ya mtoto huyu. Ningemsahau?" Zamu ya Makokha ilipofika akajipangusa mikono polepole. "Mimi ni mzee," akasema, "macho yangu si mazuri. Lakini huyu nyapara naona yake ni mabaya zaidi."

Walicheka. Mimi pia nilicheka, nilisikia sauti yangu.

Kisha inspekta akaishusha chini. Nekoye, alinyoosha mkono akaitoa ukutani, akaishika, akaigeuza nyuma. Lami ilikuwa bado haijakauka vizuri. Ikamshika vidoleni. Akatukana kwa Kiingereza, akauliza ni upumbavu gani huu.

Makokha ndiye aliyesema, "Ni moshi, bwana. Mkewe alimwandikia kwamba moshi unaharibu picha. Tangu hapo kila wiki anaipaka lami kama paa la nyumba." Wakacheka tena. Inspekta akaomba kitambaa, akapangusa vidole, akaitundika mwenyewe. Akamwambia Ogola akapimwe macho. Lakini aliandika jina la Milcah na namba ya chumba chetu, kwa hiyo mjiandae.

Ogola hasemi nami. Leo alikula akiipa picha mgongo. Sijui kama nimchukie. Aliona alichokiona, na watu wote wakamwambia hakuona.

Sasa nikuambie nililolifanya. Uliniambia niichome ile ya kwanza. Niliileta mpaka jikoni. Makokha akanisogezea moto. Sikuweza. Ni uso wa kwanza wa mtoto wangu niliopata kuuona, na ananitazama. Niliirudisha nikaiweka ndani ya fremu, nyuma ya ile mpya. Ndiyo maana niliongeza lami. Inspekta aliposhika fremu alikuwa amezishika zote mbili.

Nijulishe wakija. Na uniambie kitu kimoja, kwa nini mtoto anatazama chini? Kila mtu hapa ana jibu lake.

Baba Nasimiyu

&nbsp;

Nakuru
Julai 12, 1953

Baba Nasimiyu,

Walikuja Jumanne, askari wawili. Walimkuta Milcah na gauni langu mlangoni, anamenya viazi. Mmoja alimuuliza kama ndiye aliye kwenye picha ya Longonot. Milcah akasema, "Ndiyo, na mwambie kaka yangu nilitoka vibaya, shingo haionekani." Waliangalia chini ya kitanda, wakaangalia nyuma ya nyumba, wakaenda. Milcah alimaliza viazi vyote. Alipokwisha kumenya ndipo akalivua gauni.

Sasa wewe. Nilisoma barua yako nikaiweka chini, nikafua nguo zote za mtoto, hata zilizokuwa safi, ndipo nikaweza kuisoma tena. Khaemba. Wewe ni mtu mzima. Inspekta angetia ukucha tu kwenye ile lami, watu kumi wangekuwa ndani, na huyo mzee Makokha akiwa wa kwanza. Nakupenda na sijawahi kukasirika hivi. Yote mawili ni kweli na usinichagulie moja.

Wangare amefika kwa mama yako huko Kimilili. Kemboi alimchukua kwenye behewa la gadi, kati ya mizigo, kwa namna anayoijua yeye. Mama ametuma neno kwamba amepata mtu wa kumsaidia shambani, mpole, hacheki sana, na kwamba kifua kinamsumbua bado huyo msichana, kimejaa maziwa. Nasimiyu sasa anakunywa uji, na maziwa ya kopo anayatema usoni mwangu. Jioni analia akigeuza kichwa kuelekea mlangoni. Nimembeba siku zote hizi mpaka mabega yamekufa ganzi. Sina cha kumpa anachokitaka, na yeye anajua.

Umeniuliza kwa nini anatazama chini.

Nilikuandikia Wangare ameondoka kwa hesabu zako. Kwa hesabu zangu alikuwa bado. Siku ile kwa Nathubhai, mtoto alipokataa kunyamaza, Nathubhai aliinua shuka la kiti akanitazama. Wangare alikuwa amejificha chumba cha nyuma, nilimleta nimemfunika leso kichwani kama mgonjwa. Alipiga magoti nyuma ya kiti, tukamfunika shuka, akapitisha mkono akamshika mtoto kisigino. Ndipo Nasimiyu akatulia. Tazama upande wa kushoto, karibu na sakafu, pale shuka lilipovimba kidogo. Yeye ndiye anayetazamwa na mtoto.

Kwa hiyo inspekta alimshika Wangare mara mbili, picha ya mbele na ya nyuma, lami ikamganda vidoleni, akamrudisha ukutani kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa fanya ninalokuambia. Ile ya nyuma nilimwahidi itatazamwa na mtu mmoja tu, na ahadi ile niliivunja kwa kuogopa kukuambia ukweli. Itoe leo. Nenda nayo mahali uko peke yako, umtazame binti yako, na umtazame aliyembeba, maana ulisema humjui. Ukishamshukuru, ichome. Wewe mwenyewe, si Makokha. Usiniandikie kwamba umeshindwa.

Ile ya mbele iache ukutani. Hiyo ni ya watu wote, waitazame wapendavyo.

Mkeo,
Nekoye